Mtoto Anayepaliwa Akila: Namna ya Kutathmini na Kutibu Matatizo ya Ulaji na Umezaji kwa Watoto

Utangulizi

Kula ni kazi ambayo mtu mzima huifanya bila kuifikiria. Kwa mtoto mwenye maradhi ya ubongo, kaakaa au moyo, ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote anazozifanya kwa siku. Mtoto huyo hupaliwa, hukohoa, hutema, hufumba mdomo, na huchukua saa nzima kumaliza kikombe cha uji, na bado uzito wake haupandi. Nyumbani huitwa mkaidi. Wakati mwingine mama yake huambiwa kwamba amembemenda, na aibu hiyo humfanya achelewe kutafuta msaada. Kituoni, mtoto hutibiwa nimonia, huruhusiwa, kisha hurudi na nimonia nyingine, wala hakuna aliyeuliza anakula namna gani.

Makala haya yanawalenga wahudumu wa afya wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, pamoja na wazazi na walezi. Hoja yake kuu ni moja: tatizo la umezaji hugunduliwa kando ya sahani, mtoto akiwa anakula, na sehemu kubwa ya tiba yake huanzia katika mkono wa anayemlisha.

Umezaji unavyofanyika

Njia ya chakula na njia ya hewa hukutana kooni. Kila tunapomeza, mwili hulazimika kufunga moja na kufungua nyingine kwa muda usiozidi sekunde moja hivi. Kazi hiyo ina hatua tatu kuu.

Hatua ya kwanza ni ya mdomoni. Midomo hufumba, ulimi hukusanya chakula kuwa tonge laini na kulisukuma nyuma. Hatua ya pili ni ya kooni. Kaakaa laini hupanda na kuziba njia ya puani, sanduku la sauti huinuka, nyuzi za sauti hufunga, pumzi husimama kwa muda mfupi, na tonge hupita nyuma ya njia ya hewa. Hatua ya tatu ni ya umio, ambapo chakula hushuka hadi tumboni na mlango wa juu wa tumbo hujifunga ili kisirudi.

Kwa mtoto mchanga, kunyonya, kumeza na kupumua lazima vipokezane kwa mpangilio. Uwezo huo huanza kukamilika mimba ikiwa na wiki 32 hadi 34. Ndiyo sababu watoto njiti waliozaliwa kabla ya hapo hulishwa maziwa ya mama kwa mrija au kikombe kidogo huku wakipewa huduma ya ngozi kwa ngozi, hadi waweze kunyonya wenyewe. Kutafuna huja baadaye na huendelea kukomaa kwa miaka kadhaa. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kutafuna kipande cha nyama au karanga nzima, hata akiwa na afya njema.

Chakula au kinywaji kikipotea njia na kushuka chini ya nyuzi za sauti, mtoto mwenye hisia timamu hukohoa kwa nguvu. Lakini wapo watoto, hasa wenye maradhi ya ubongo, ambao chakula huingia mapafuni mwao bila kikohozi chochote. Huku ndiko kupaliwa kimyakimya. Mhudumu akumbuke jambo hili daima: mtoto asiyekohoa si lazima awe anameza kwa usalama.

Visababishi

Katika mazingira yetu, kundi kubwa la watoto wenye matatizo mazito ya umezaji ni wale wenye mtindio wa ubongo. Wengi walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, walipata manjano kali katika siku za mwanzo, au waliugua homa ya uti wa mgongo. Misuli yao hukaza au hulegea kupita kiasi, shingo haikai imara, na ulimi husukuma chakula nje badala ya ndani.

Visababishi vingine ni hivi:

- Mdomo wa sungura na mpasuko wa kaakaa. Mtoto hushindwa kuvuta maziwa kwa sababu hewa hupita kwenye uwazi, na maziwa hutokea puani.
- Kuzaliwa njiti, na hali za kuzaliwa nazo zinazolegeza misuli, kama sindromu ya Down.
- Magonjwa ya moyo na mapafu. Mtoto huhema, hutoka jasho usoni anaponyonya, na huacha kabla ya kushiba.
- Kucheua kwa asidi kutoka tumboni, kunakoleta maumivu na kumfanya mtoto aogope kula.
- Vidonda na utando mweupe wa fangasi mdomoni, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa kinga.
- Umio uliobanwa na makovu, mara nyingi baada ya mtoto kunywa kimiminika kikali kama kostiki soda ya kutengenezea sabuni iliyohifadhiwa kwenye chupa ya maji au soda.
- Dawa. Dawa za kifafa zinazoleta usingizi, zikitolewa kwa kiwango kikubwa au muda mfupi kabla ya mlo, hupunguza uwezo wa kumeza.

Kuna imani mbili zinazostahili kutajwa waziwazi. Ya kwanza ni kwamba kimeo kirefu ndicho kinacholeta kikohozi, kutapika na kushindwa kula, na dawa yake ni kukikata. Ya pili ni kwamba ufizi wa mtoto mchanga una “meno ya nailoni” yanayopaswa kung’olewa. Kimeo ni sehemu ya kawaida ya kaakaa laini, na kinachoitwa meno ya nailoni ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya mtoto. Kukata au kung’oa hakuponyi tatizo la umezaji. Huleta kutokwa na damu, maambukizi, pepopunda na upungufu wa damu, na huongeza maumivu katika mdomo ambao tayari unashindwa kufanya kazi yake. Mhudumu aulize kuhusu mambo haya kwa upole. Mzazi aliyempeleka mtoto kwa mkata kimeo alikuwa anatafuta tiba, na akikaripiwa hatarudi.

Dalili za kumtilia mtoto shaka

Mzazi au mhudumu atilie shaka umezaji anapoona lolote kati ya haya:

- Kukohoa, kukabwa au macho kutoka machozi wakati wa kula au kunywa.
- Sauti yenye majimaji baada ya kumeza, kana kwamba koo limejaa maji.
- Maziwa au uji kutokea puani.
- Kuhema kwa kasi au kubadilika rangi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, rangi ya buluu huonekana vyema zaidi kwenye ulimi na fizi.
- Mlo unaochukua zaidi ya dakika 30 mara kwa mara.
- Nimonia au kifua kinachokoroma kinachojirudia.
- Uzito usiopanda au unaoshuka.
- Kukataa chakula, kulia anapoona kijiko, au mlezi kuingiwa na hofu kila saa ya chakula inapofika.

Dalili ya mwisho isidharauliwe. Hofu ya mlezi ni taarifa ya kitabibu.

Tathmini

Tathmini ina sehemu tatu, na zote zinawezekana katika kituo cha afya.

Kwanza ni historia. Muulize mlezi: nani humlisha mtoto, wapi, akiwa amekaaje, kwa chombo gani, na kwa muda gani? Anameza nini vizuri zaidi, maji, uji au ugali laini? Amelazwa kwa nimonia mara ngapi? Anatumia dawa gani na saa ngapi? Anapata choo? Kufunga choo huondoa hamu ya kula na ni jambo la kawaida kwa watoto wenye mtindio wa ubongo.

Pili ni uchunguzi wa mwili. Pima uzito na mzunguko wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Kipimo hiki kina faida kubwa kwa mtoto ambaye hawezi kusimama wala kunyooka ili apimwe urefu. Tazama mdomo kwa tochi, na kaakaa lipapaswe kwa kidole chenye glovu, kwa kuwa mpasuko mdogo wa nyuma hupita bila kuonekana. Sikiliza kifua na moyo. Angalia kama mtoto anaweza kushika shingo.

Tatu, na ndiyo kiini cha tathmini, ni kuangalia mlo wenyewe. Mwombe mlezi aje na chakula na kijiko cha nyumbani, amlishe kama anavyomlisha siku zote. Mhudumu asimsahihishe katika dakika za mwanzo. Akae pembeni na atazame. Kichwa kiko wapi? Kijiko kina ukubwa gani? Kijiko cha pili huja kabla ya cha kwanza kumezwa? Sikiliza pumzi kabla, wakati na baada ya mlo. Kama kipima oksijeni kipo, kifungwe, lakini kisichukue nafasi ya macho na masikio.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyefikisha miaka 3, wataalamu hutumia mfumo wa EDACS uliochapishwa mwaka 2014, wenye ngazi tano: ngazi ya kwanza ni anayekula kwa usalama na kwa wakati, na ya tano ni yule ambaye hawezi kula kwa mdomo kwa usalama, hivyo mrija hufikiriwa. Hospitali za rufaa zenye vifaa zinaweza kuongeza eksirei ya video, ambapo mtoto humeza chakula kilichochanganywa na bariamu, au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Vipimo hivi ndivyo vinavyoweza kuonyesha kupaliwa kimyakimya. Hata hivyo, kutokuwepo kwake si sababu ya kuahirisha tiba.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kutokana na hali zinazokutwa mara kwa mara kliniki. Mtoto wa kike wa miaka 3 analetwa kwa nimonia, ya nne katika mwaka mmoja. Hakulia alipozaliwa. Hawezi kukaa bila kushikwa. Kimeo chake kilikatwa akiwa na miezi 8. Uzito wake ni kilo 8.2, ilhali wastani wa mtoto wa kike wa umri huo ni karibu kilo 14. Mzunguko wa mkono ni sentimita 11.8.

Mama anapoombwa kumlisha, anamlaza mapajani chali, kichwa kikiwa kimeangukia nyuma, na kummiminia uji mwepesi kwa kijiko kikubwa. Mtoto anakaza mwili. Kufikia kijiko cha tatu anakohoa, macho yanatoka machozi na sauti inakuwa na majimaji. Mama anasema, “Nisipofanya hivi hali kabisa.”

Mama huyu si mzembe. Anafanya anachokijua ili mtoto asife njaa. Lakini kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa hubaki wazi zaidi na uji hutiririka kabla mtoto hajawa tayari. Mhudumu anambadilisha mkao, anaukoleza uji, anachukua kijiko cha chai kilichojaa nusu na kungoja kila tonge limezwe. Kikohozi kikipungua papo hapo, mpango wa tiba umekwisha kupatikana na mama ameuona kwa macho yake. Kikiendelea, mtoto huyu ni wa rufaa.

Tiba: mambo manne ya msingi

1. Mkao. Mtoto akae wima kadiri awezavyo, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa, miguu ikiegemea kitu, na kidevu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Asiye na kiti maalumu anaweza kukaa mapajani kwa mlezi, mkono wa mlezi ukishika mabega kwa nyuma, au kwenye kona ya ukuta akiegemezwa kwa kanga zilizoviringishwa pande zote mbili. Mlezi akae usawa wa macho ya mtoto. Akisimama, mtoto atainua kichwa kumtazama, na hatari itarudi. Baada ya kula, mtoto abaki wima kwa takriban dakika 30.

2. Uzito wa chakula. Vimiminika vyepesi kama maji na chai hupita kwa kasi na ndivyo vinavyopotea njia kwa urahisi zaidi. Watoto wengi humeza kwa usalama zaidi uji mzito kiasi na vyakula vilivyopondwa. Ili wahudumu wazungumze lugha moja, upo mfumo wa kimataifa wa IDDSI wenye viwango vinane, kuanzia 0 hadi 7. Vinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, ambalo urefu wa alama zake kutoka 0 hadi 10 ni milimita 61.5. Ondoa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi alama ya 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba tena na usome kilichobaki:

- Chini ya mililita 1: kiwango 0, chepesi kama maji.
- Mililita 1 hadi 4: kiwango 1.
- Mililita 4 hadi 8: kiwango 2.
- Zaidi ya mililita 8, ingawa kidogo kimetoka: kiwango 3.
- Hakuna kilichotoka: kiwango 4, hiki hupimwa kwa kijiko.

Uji upimwe ukiwa na joto lile lile atakalopewa mtoto, kwa sababu hukolea unapopoa. Zipo tahadhari mbili zaidi. Mate huyeyusha wanga, hivyo kijiko kilichotoka mdomoni kikirudishwa bakulini mara kwa mara, uji wote huwa mwepesi kabla ya mlo kwisha. Pakua kidogo kidogo kwenye bakuli la pili. Vilevile, unga wa nafaka iliyochipuzwa hulainisha uji. Ni mzuri kwa mtoto anayemeza vyema, lakini kwa huyu unaweza kurudisha tatizo.

Chakula cha kusagwa kwa mtoto asiyetafuna vizuri kiwe na vipande visivyozidi upana wa milimita 2. Kwa anayetafuna vyakula laini, visizidi milimita 8. Usichanganye kimiminika na vipande katika kijiko kimoja, kama mchuzi mwepesi wenye wali, maana kimoja hutangulia na kingine hubaki. Maziwa ya mtoto mchanga, hasa njiti, yasikolezwe kwa kitu chochote bila ushauri wa mtaalamu.

3. Kasi na kiasi. Tumia kijiko kidogo kisicho na kina. Kiingize kwa usawa, kigandamize kidogo katikati ya ulimi, ngoja midomo ifumbe, kisha kitoe bila kukipangusa kwenye meno au ufizi wa juu. Hakikisha mdomo ni mtupu kabla ya kijiko kinachofuata. Mlo usizidi dakika 30. Mtoto aliyechoka hupaliwa, hivyo milo mitano au sita midogo ni bora kuliko mitatu mirefu.

4. Nguvu ndani ya chakula kidogo. Mtoto anayemeza vijiko vichache anahitaji kila kijiko kibebe nguvu nyingi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia huongeza takriban kilokalori 120. Karanga zilizosagwa zikawa laini kabisa, yai, parachichi, maziwa na dagaa waliosagwa na kuchujwa huongeza nguvu na protini. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aanze kwa utaratibu wa tiba ya lishe wa kituo.

Pamoja na haya, mdomo usafishwe kila siku kwa mswaki laini. Chembe za chakula na mate machafu vikiingia mapafuni huleta nimonia hata kwa mtoto anayelishwa kwa mrija.

Kulazimisha kula

Kumbana mtoto pua ili afungue mdomo, kumshika miguu na kummiminia uji kwa kiganja, au kumlisha akiwa analia au amesinzia ni hatari kwa uhai wake. Mtoto anayelia huvuta hewa kwa nguvu, na chochote kilichopo mdomoni hufuata hewa hiyo. Zaidi ya hayo, mtoto hujifunza kwamba chakula ni adhabu, na hukataa hata baada ya ugonjwa wa awali kutibiwa. Mtoto wa aina hii huhitaji kurudishiwa imani taratibu: aguse chakula, akinuse, aonje kidogo, akiwa pamoja na wenzake wanaokula.

Makundi yanayohitaji uangalizi wa pekee

Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa alishwe akiwa wima, kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe, kijiko au chupa laini inayominywa taratibu. Acheulishwe mara kwa mara, kwa kuwa humeza hewa nyingi. Mdomo kwa kawaida hurekebishwa kuanzia miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, ikiwa uzito na damu vinaruhusu. Hivyo ulishaji mzuri ndio unaomfikisha mtoto kwenye upasuaji.

Mtoto ambaye hawezi kupata chakula cha kutosha kwa usalama huhitaji mrija. Mrija wa puani hufaa kwa muda mfupi, kwa kawaida wiki chache. Uhakikishwe kuwa uko tumboni kabla ya kila mlo. Hitaji likiendelea, daktari wa upasuaji huweka mrija wa moja kwa moja tumboni. Wazazi wengi huuogopa na kuuona kama hukumu. Waelezwe kwamba mrija huondoa vita vya mezani, hurudisha uzito, na si lazima uzuie mtoto kuonja chakula kwa kiasi kilichopangwa na mtaalamu.

Lini kwenda hospitali mara moja

Mpeleke mtoto bila kuchelewa iwapo anapumua kwa shida, amekuwa wa buluu, hawezi kumeza hata mate, amemeza betri ndogo ya duara, au amekunywa kimiminika kikali. Kwa aliyekunywa kimiminika kikali, usimtapishe.

Mtoto aliyekabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe na umpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Ikiwa haijasaidia, kwa mtoto chini ya mwaka 1 mgandamize kifuani mara 5; kwa mkubwa zaidi mgandamize tumboni, juu ya kitovu, mara 5. Rudia kwa kupokezana huku ukiita msaada. Akipoteza fahamu, anza kumhuisha. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona.

Hitimisho

Wataalamu wa tiba ya usemi na umezaji bado ni wachache nchini, na wengi wako katika hospitali kubwa za mijini. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulitambua tatizo atakuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, tabibu wa zahanati, au mama mwenyewe. Kila mtoto mwenye nimonia inayojirudia, mtindio wa ubongo au uzito usiopanda aangaliwe akila angalau mlo mmoja kabla ya kuruhusiwa. Vifaa vinavyohitajika ni kiti, kijiko kidogo, bakuli la uji na nusu saa ya subira. Katika ziara inayofuata, baada ya wiki mbili, mlezi aulizwe mambo matatu: mlo unachukua dakika ngapi, mtoto anakohoa mara ngapi, na uzito umekuwaje. Majibu hayo ndiyo yataonyesha kama tiba inafanya kazi au kama ni wakati wa kumpa rufaa.